Nani Ashike Huu Mgongo

Uti wangu wa mgongo niliuona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 26, kwenye kliniki moja ya ghorofani upande wa Nyali, kiyoyozi kikivuma na maji ya kunywa ya bure pembeni. Jamaa wa koti jeupe aliibandika eksirei kwenye taa, akafuata pingili moja moja kwa ncha ya kalamu, alipofika chini karibu na nyonga akatulia. "Huu," akasema, "ni mgongo wa mtu wa miaka 60." Kisha akatoa karatasi ya bei: vikao 30, mara tatu kwa wiki, shilingi 75,000 nikilipa kwa mpigo mmoja. Nikilipa kidogo kidogo, inapita laki.

Mimi hulipwa shilingi 3,000 kwa makala, mhariri akiamka vizuri. Nikamwambia ntarudi. Kwenye feri narudi Likoni nilishika chuma kwa mikono miwili kama mzee, nikawa nahesabu: 75,000 ni makala 25, na makala 25 ni saa ngapi za kukaa kwenye kile kiti cha plastiki kilichonifikisha hapa?

Nyumbani babangu aliuliza swali moja tu. "Wamekwambia ni nini?"

"Pingili zimehama."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Yeye ameshaambiwa pingili zimehama, ameambiwa ngiri, ameambiwa upepo, ameambiwa damu chafu, ameambiwa amekanyaga kitu. Amelipia yote.

Pale mtaani kwetu, kutoka steji hadi nyumbani, kuna mzee wa viungo, kuna chumba cha hijama chenye bango la kijani, kuna duka la dawa linalouza mikanda ya kiuno, na kuna dada mmoja wa kukanda ambaye wanawake waliojifungua humwita nyumbani. Ukivuka feri kuna hospitali ya umma. Ukipita daraja la Nyali kuna hiyo ya kiyoyozi. Nani ashike? Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa, lakini tabia moja ya darasa la historia ilinibakia: nikishindwa kuamua juu ya kitu, hutafuta kilikotoka.

Basi hii ya kunyoosha pingili, inayoitwa kiropraktiki, ilitoka Davenport, mji ulio kando ya mto Mississippi, jimbo la Iowa, Marekani. Aliyeianzisha ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, ambaye kabla ya hapo alifuga nyuki, akauza vyakula dukani, kisha akawa mganga wa sumaku, yaani anaweka mikono juu ya mgonjwa akidai kuna nguvu inapita. Tarehe 18 Septemba 1895, ndivyo alivyosimulia mwenyewe, alimshika mgongo Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa akifagia na kutunza jengo lile lile alimokuwa na ofisi. Lillard alikuwa hasikii vizuri kwa miaka 17. Palmer akapapasa, akakuta pingili moja imetokeza, akaisukuma, na Lillard akasikia tena magurudumu barabarani. Familia ya Lillard nayo ilikuwa na simulizi yake: Palmer alimpiga mgongoni kwa kitabu wakiwa wanafanyiana mzaha. Chagua unayoipenda. Neno lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, "kufanywa kwa mkono".

Kwenye kisa hicho kuna jambo moja lililonikaa kuliko muujiza wa masikio. Lillard alieleza kwamba siku alipoanza kupoteza usikivu alikuwa amejikunja mahali pa kubana, anajikakamua, akasikia kitu kimeachia mgongoni. Maana yake ni kwamba mgongo wa kwanza kabisa wa kiropraktiki ulikuwa mgongo wa kibarua, na huenda uliumia kazini. Palmer aliuliza kuhusu mfupa. Kwamba Lillard alikuwa anainua nini, na kwa mshahara gani, hilo halikuingia kwenye fundisho. Alichochukua Palmer ni kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama, na mwaka 1897 akafungua shule ya kufundisha hivyo. Mwaka 1906 alitupwa jela kwa kutibu bila leseni. Mwanawe, B.J. Palmer, ndiye aliyekuwa mfanyabiashara hasa. Yeye ndiye aliyeingiza eksirei kwenye kazi hiyo mwaka 1910. Niliposoma hapo nikakumbuka ile taa nyeupe kule Nyali. Karne nzima na ushei, na ile picha bado inafanya kazi ile ile: mtu akishaona mifupa yake mwenyewe, ubishi unamwisha.

Nisiwaonee. Madaktari wa kawaida wa Marekani waliwapiga vita vibaya hawa watu, chama chao kikawakataza hata kushirikiana nao, mpaka Chester Wilk na wenzake walipokwenda kortini mwaka 1976. Mwaka 1987 jaji akaamua kwamba kile chama kilikuwa kinawahujumu kinyume cha sheria. Leo wapo wengi wanaotibu mgongo tu na kuachana na ile habari ya asilimia 95. Lakini ukiingia kliniki unapaswa kujua unaongea na mjukuu yupi wa Palmer, yule wa mgongo au yule wa magonjwa yote.

Sasa turudi kwetu, maana mikono ilikuwa juu ya migongo ya pwani hii kabla Davenport haijasikika. Kuna kukanda, kuna kuchua, kuna kusinga kwa mafuta, na lugha inavitofautisha kwa sababu watu walikuwa wanajua tofauti. Kuna kuumika, ambako zamani ilikuwa pembe ya ng'ombe inabandikwa mgongoni, hewa inafyonzwa kwa tundu la juu, tundu linazibwa, damu inavutwa. Pembe hiyo ndiyo chuku. Siku hizi ni vikombe vya plastiki na pampu ndogo, na jina limerudi kwenye Kiarabu, hijama. (Na ndiyo, "kupiga chuku" maana yake ya pili ni kutia chumvi kwenye maneno. Waswahili walikuwa na maoni yao kuhusu waumikaji.)

Babangu alipigwa chuku zote mbili.

Yeye hakuwa kuli wa gatini. Alikuwa wa godauni, upande wa Changamwe, kampuni nisiyoitaja, miaka ya 1980 na 1990. Watu hudhani kontena lilipokuja Kilindini lilimaliza kazi ya kubeba. Lilichofanya ni kuihamisha. Zamani gunia la kahawa lilibebwa mbele ya meli, kila mtu analiona. Kontena likija, gunia lile lile, kilo 60, likawa linabebwa ndani ya sanduku la bati lililowekwa juani, Changamwe au Miritini au Shimanzi, mtu anaingia ameinama na kutoka ameinama, kulishindilia mpaka darini. Kreni inayoonekana kwenye kalenda hunyanyua sanduku. Waliolijaza hawaonekani kwenye kalenda. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mkono. Gunia la kahawa lilishapita hapo, na gunia la mahindi la kilo 90 hata tusiliongelee. Nenda Kongowea alfajiri ukaone vichwa na mabega.

Alipoanza kushindwa kuinuka kitandani, msimamizi wake alimwambia ajiuguze arudi. Akajiuguza, akarudi, akajiuguza. Orodha ya kupunguzwa ilipotoka, jina lake lilikuwa juu. Zile pesa za kuagia, ambazo mamangu alikuwa ameshazipigia hesabu ya mabati, zilikwenda kwa mgongo: Likoni, Kisauni, kwa mganga mmoja Kwale, kwa daktari mmoja mjini aliyempa mkanda wa kiuno na sindano. Sina haki ya kusema walikuwa matapeli wote. Yule mzee wa viungo alimpa wiki mbili za usingizi, na usingizi si mchezo kwa mtu ambaye hajalala mwezi. Lakini nikitazama nyuma naona kila mmoja wao aliitafuta shida mahali pamoja, ndani ya mwili wa babangu. Mmoja akaikuta kwenye mshipa, mmoja kwenye damu, mmoja kwenye pingili. Sijui kama kuna hata mmoja aliyemuuliza gunia lilikuwa kilo ngapi.

Babu, babake baba, alifanya kazi bandarini kabla yake, na hapa ndipo historia iliponishangaza.

Gati za kwanza za maji marefu Kilindini zilifunguliwa mwaka 1926. Kabla ya hapo meli zilitia nanga katikati, mizigo ikaletwa kwa matishari. Wabebaji walikuwa vibarua wa kutwa. Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kazi. Wengi walikuwa watu wa ng'ambo hizi, Wadigo wa Likoni na Mtongwe, Wagiriama na Warabai wa huku nyuma, pamoja na Washihiri na watu wa bara. Mwanahistoria Frederick Cooper aliandika kitabu kizima kuhusu hawa watu, kilichotoka mwaka 1987 (nilikisoma kwa simu, PDF, usiniulize niliipata wapi), na anaonyesha kitu ambacho maafisa wa mkoloni kiliwakera kupita kiasi: kibarua wa Mombasa alikuja kazini siku alizotaka. Anabeba siku tatu nne, analipwa, anarudi shambani kwa minazi na mihogo yake. Wiki ijayo anakuja tena, au haji.

Serikali iliona uvivu na hatari. Na ilikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa watu hao hao waligoma mwaka 1934, wakagoma 1939, na Januari 1947 wakausimamisha mji mzima, watu kama 15,000, bandari, reli, mahoteli, hadi maboi wa nyumbani, siku 12 hivi. Walidai mshahara, chakula, nyumba. Chege Kibachia, aliyeliongoza shirikisho lao la wafanyakazi, alikamatwa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kufungiwa Kabarnet, akakaa huko miaka kama kumi.

Jibu la serikali likawa kumfanya kibarua awe mfanyakazi wa kudumu. Kuanzia 1944 ilibidi vibarua wa bandarini wasajiliwe, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 kanuni zilishakazwa: usipofika siku za kutosha katika mwezi, unafutwa. Mshahara ulipanda, huo ni ukweli, na chama cha makuli kikawa na nguvu ambayo vyama vingi Kenya havijawahi kuipata. Mimi siwezi kuwacheka walioyapigania hayo. Watoto wengi wa Likoni wamesomeshwa na bandari.

Ila sasa isome kwa mgongo. Siku tatu kubeba, siku nne minazi. Hiyo ratiba ambayo ripoti za serikali ziliita utoro, daktari wa viungo wa leo angeiita kupumzisha misuli. Sisemi babu na wenzake walikaa kikao wakapanga hivyo kwa ajili ya afya. Walikuwa na mashamba na hawakupenda kuamrishwa. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa na shamba ng'ambo alikuwa na uwezo wa kusema "leo siji", na uwezo huo ulikuwa dawa. Kwetu wanasimulia kwamba babu alikwea mnazi mpaka akiwa na wajukuu. Huo si utafiti, ni simulizi ya nyumbani, ipokee hivyo. Lakini babangu, aliyekuwa na kadi ya kazi, shifti, na msimamizi anayepiga kengele, na ambaye shamba lilikuwa limeshagawanywa na kuuzwa vipande, hakuwa na siku ya "leo siji". Akafika miaka 45 hawezi kufunga kamba za viatu.

Kuna sheria siku hizi, ya mwaka 2007, ya fidia ya majeraha kazini, na ina jedwali: kidole hiki asilimia hii, jicho asilimia hii. Kidole kilichokatika kinahesabika. Mgongo uliochoka kwa miaka 15 huna siku ya ajali, huna damu sakafuni, huna shahidi. Kwa hiyo mwenye mgongo hana pa kwenda isipokuwa kwa mganga, wa pembe au wa kiyoyozi.

Ndipo nikarudi kwenye swali langu, ambalo kusema kweli nilikuwa nalikimbia kwa kusoma. Mimi sijabeba kahawa. Miezi minane nilibeba katoni za vigae kwenye stoo moja Mikindani baada ya kuacha chuo, kisha nikakaa kitako miaka mitatu naandika. Je, kweli nina mgongo wa mtu wa miaka 60?

Mwaka 2015 kundi la watafiti lilikusanya tafiti 33 za picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote, zaidi ya watu 3,000. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Wote hao wanatembea, hawaumwi. Zile ni picha za skani, zinazoona zaidi ya eksirei, lakini somo ni lile lile: kuchakaa ni kama mvi. Ukimpiga picha abiria yeyote wa feri utakuta kitu cha kumwonyesha kwa kalamu.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, baada ya hesabu kuonyesha kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, ya sugu na yasiyo sugu, mwaka 2020. Niliusoma nikitafuta mshindi. Hakuna mshindi. Mazoezi yamo, kueleweshwa ugonjwa wako kumo, dawa za kutuliza uvimbe zimo. Kunyoosha pingili kwa mkono kumo pia, na kukanda kumo, vikiwa sehemu ya matibabu na sio matibabu peke yake. Mkanda wa kiuno, ule ambao babangu aliununua na kuuvaa hadi ukachanika, umewekwa kwenye orodha ya visivyopendekezwa. Nilimsomea. Akasema, "Sasa nirudishiwe pesa zangu na nani?"

Kwa hiyo jamaa wa Nyali hakuwa mwongo kwa mikono yake. Labda mikono yake ingenisaidia. Aliponipoteza ni kwenye hesabu: alijua nahitaji vikao 30 kabla hajajua nafanya kazi gani. Hakuniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama nashindwa kuzuia mkojo, kama nina homa za usiku au napungua mwili. Mwenye dalili kama hizo haendi kunyooshwa na mtu yeyote, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, maana hata kifua kikuu huingia kwenye uti wa mgongo, na pwani hii kifua kikuu kipo. Na hakunieleza kwamba kuzungushwa shingo kwa ghafla, kama wanavyofanya kwenye zile video zenye milio, kumewahi kuwapa watu wachache kiharusi. Mzee wa viungo wa mtaani naye hakuniuliza, kusema haki. Ila yeye alitaka mia tatu.

Nilikwenda kwake kwanza. Alinilaza kwenye jamvi, akapaka mafuta, akapitisha kidole gumba kando ya uti mpaka nikaona nyota. "Wataka kunyoshwa ama wataka kupona?" akaniuliza. Nikamwambia vyote. "Kunyoshwa ni mia tatu. Kupona, wacha hicho kiti." Siku mbili nilikuwa mtu mpya, ya tatu nikarudi kuwa mimi.

Kisha nikaenda hospitali ya umma, foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, hadi saa sita nikaitwa na dada mmoja wa fiziotherapia, mfupi, mchovu, mkali. Hakuna taa nyeupe. Aliniuliza nakaa saa ngapi, nabeba nini, nalala vipi, nalala saa ngapi, nina wasiwasi wa nini. Hilo la mwisho lilinishtua nikajikuta namwambia habari ya kodi ya nyumba. Akanigonga magoti, akanikunja, akanipa mazoezi manne ya kufanya sakafuni na miadi ya Alhamisi. Aliponiambia picha sihitaji kwa sasa, nilimwonyesha ile ya Nyali. Akaiangalia kidogo, akanirudishia. "Picha nzuri," akasema.

Hii ni wiki ya saba. Bado naumwa nikikaa zaidi ya saa moja, kwa hiyo nusu ya makala hii nimeiandika nimesimama, simu juu ya friji. Kwa mzee wa viungo bado napita mara moja moja, sioni aibu.

Juzi nilikuwa kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nainua kiuno kama nilivyofundishwa, babangu akaja kusimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa tungu. Akanitazama hadi nikamaliza seti. Akauliza hiyo ni bei gani. Nikamwambia hii ya sakafuni haina bei. Akaweka kikombe chini, akashika fremu ya mlango, akaanza kushuka polepole, goti moja, halafu jingine, mpaka akalala kando yangu. Kuinua kiuno alishindwa mara ya kwanza. Ya pili kiliinuka kama upana wa kidole.

"Alhamisi wafungua saa ngapi?" akauliza, bado akitazama dari.

Nikamwambia foleni yaanza saa kumi na mbili, tuvuke na feri ya kumi na moja.